Mguu wa Fundi Cherehani

Ndani ya basi, mwalimu mmoja alikuwa akisoma kitabu cha watoto huku akicheka mpaka machozi. "Aliyeandika hiki kasoma huyu!" akasema.

Maneno hayo yakamchoma fundi cherehani aliyekaa naye. "Wapi! Mwanangu huyo, na shule yake ni mimi. Hunisomea nikiwa nashona. Nikicheka mguu ukasimama, mstari unabaki. Nikiendelea kukanyaga cherehani, anaufuta."

"Mama, acha utani! Kitabu kizima kipimwe kwa mguu?"

"Mguu huu huu." Akaunyoosha taratibu, kama mtu anayeonyesha cheti.

Basi likasimama kituoni kwake. Mwalimu, bado hajasadiki, akamfungulia ukurasa. "Na hapa mbuzi anapovaa miwani?"

Mama akainuka, kifua mbele. "Hapo? Bi harusi alisubiri gauni siku mbili," akasema, akashuka.