Chuo Kiandike Kwamba Kimefungwa

Benchi lenyewe liko nje ya kinyozi, ubavuni mwa stoo ya vifaa vya ujenzi, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali lisiyumbe. Stoo ikishafungwa jioni, wenye benchi hujikusanya: Kinyozi, anayeweza kumwacha mteja na povu kidevuni mpaka amalize hoja yake, Breki, dereva wa teksi mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ulimi wake hauna, na Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hujifanya hasikilizi. Siku hiyo walikuwa wanamngoja Salio. Kwao, ng'ambo ya mpaka, Salio alikuwa mhasibu mkuu wa hospitali. Hapa alikuwa anabeba saruji stoo. Asubuhi alikuwa amekwenda tena kwenye bodi ya wahasibu kuuliza kama cheti chake kimetambuliwa, na sasa alikuja taratibu, shati jeupe alilonyooshewa na mkewe limejaa vumbi la saruji mabegani.

— Haya, lete habari, alisema Breki hata kabla hajakaa. Tukuite bosi au bado?

— Bado, alisema Salio.

— Bado vipi? Si walisema leo ndiyo mwisho wa njoo kesho?

Salio alipokea kikombe kwa Mama Birika, akakishika kwa mikono miwili.

— Wanataka chuo changu kiwaandikie wenyewe, moja kwa moja, kwamba kweli nilisoma pale. Nikamwambia yule mama wa dirishani, chuo kilifungwa wakati wa vita, majengo wanakaa wanajeshi. Akafikiri. Akasema, basi chuo kiandike kwamba kimefungwa.

Kinyozi alicheka mpaka akapaliwa. Alipoona mwenzake hacheki, akajifuta mdomo.

— Hiyo ni lugha, kaka. Anataka chai.

— Hakuomba. Angeomba, angalau ningejua pa kuanzia.

— Si chai, alidakia Breki. Nyie hamuoni mbali. Wanamwogopa! Mhasibu wa hapa ana shemeji kila ofisi; akikuta hesabu imeliwa, aliyekula ni wa nyumbani, yanaisha mezani. Huyu hana shemeji. Atasema tu!

— Mbona mkewe walimpokea? aliuliza Kinyozi. Si naye mgeni?

— Mkewe muuguzi. Wagonjwa hawana cha kuficha.

— We Breki, kwa hiyo wahandisi nao wanaogopwa? Yule anayeosha magari pale kona si alikuwa anajenga madaraja kwao? Mimi nakwambia huu ni mpango. Kuna chumba chini ya ile ofisi, vyeti vya wageni vimejaa mpaka darini, madaktari, marubani, kila mtu. Wenye vyeti ndio hawa wanatufagilia mji. Wangetambuliwa wote kwa mpigo, nani angezoa taka?

— Chumba gani? Breki alishusha sauti, akasogea. Hakuna bodi. Kuna lile dirisha tu. Niambie, Salio, tangu uanze kwenda pale, umewahi kumwona mtu mwingine nyuma ya yule mama?

Salio alitaka kumkatalia. Akajaribu kukumbuka sura yoyote, hata mgongo wa mtu akipita na faili. Alimkumbuka yule mama, na mlango nyuma yake, umefungwa. Akajichukia kwa kupoteza akili kiasi cha kuwaza porojo za Breki.

— Kata rufaa, alisema Kinyozi. Usikubali. Ndugu yangu, hiyo ni elimu yako, si viatu vya kuazima.

— Nimeshamaliza, alisema Salio.

— Umemaliza nini?

Hakutaka kusema. Lakini nyumbani kulikuwa na mtu wa kuambiwa, na alihitaji kwanza kusikia maneno hayo yanavyosikika.

— Kulikuwa na nafasi ya mtunza stoo. Ya kudumu, na bima ya watoto ndani yake. Meneja alinionya mapema: makao makuu hawachukui mtu aliyesoma sana, wanasema atakimbia. Nilipotoka dirishani nikaenda moja kwa moja kwa karani wa stoo. Akaniuliza, umesoma mpaka wapi? Nikasema, sekondari.

— Akasemaje? aliuliza Kinyozi.

— Hakusema kitu. Aliandika. Hata kichwa hakuinua. Salio alikunywa kidogo. Nilidhani itanikwama kooni. Ilitoka kama salamu.

— Na mwenzio umemwambia? Sauti ilikuwa ya Mama Birika.

— Bado, mama. Hulinyoosha hili shati kila mara ninapokwenda kule. Nitamwambiaje asilinyooshe tena?

Mama Birika aliinamia makaa yake, akayapuliza, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri tu. Breki alianza neno, akaliacha njiani.

Hapo ndipo alipowafikia mwanamke mmoja ambaye hawakumjua, mkoba kwapani, uzi umemng'ang'ania kwenye mkono wa gauni.

— Hamjambo wazee wangu. Samahani kuwakatiza. Sisi ni kikundi cha washonaji, mtaa wa nyuma hapo. Hesabu zetu zimetuvuruga, tumeanza kushukiana wenyewe kwa wenyewe. Tumeambiwa kwenye hili benchi hukaa mhasibu. Ni yupi?

Kinyozi aliangalia mikono yake. Breki alimtazama Salio, kisha akageukia barabarani kama aliyeitwa. Salio alifungua kinywa. Jibu alilolijibu miaka yote ya utu uzima wake lilikuwa pale pale ulimini, na lile la asubuhi nalo lilikuwa pale pale, na hakujua ni lipi sasa lilikuwa la uongo.

Akasogea pembeni, akapangusa vumbi kwenye mbao.

— Karibu ukae, dada, alisema.

Mwanamke alikaa, akapakata mkoba wake, akaendelea kuwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja kujibiwa.