Mnyoo wa Petersen

Nyuma ya kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi, pale bandarini Nordersand, kuna benchi linaloitwa Benchi la Waongo, na wanaolikalia huliona jina hilo kama cheo. Asubuhi hiyo Ingwer Petersen alifika na kitabu kwapani, uso umemkunjamana kama soksi. Wenzake humwita Sepetu, maana kwa miaka ishirini, maji yakipwa, alichimba tope kwa ajili ya Daktari Ottilie Brandis, bingwa wa wanyama wasio na uti wa mgongo, mwanamke wa kwanza ambaye wakubwa wa Berlin walimvulia kofia, japo kwa kununa. Sasa Daktari amestaafu, na anaondoka kabisa kwa meli ya saa sita. Sepetu hajui akamuage au akamtukane.

— Kaniletea kitabu chake. Someni wenyewe! Mnyoo mpya, jina lake “petersenae”. Nimemchimbia miaka yote hiyo, leo mimi mnyoo!

Nahmen, aitwaye Kapteni Nusu kwa kuwa alizamisha kivuko kimoja na kingine kikaokolewa katikati, alipuliza kahawa yake.

— Sasa kinachokuuma nini? Mnyoo ana kazi. Wewe je?

— Kapteni, usinianze.

— Tusi liko hapo mwishoni, kwenye “ae”, alisema Okke, aitwaye Profesa kwa sababu aliwahi kupiga deki chuo kikuu cha Kiel. Huo ni mlio wa mbuzi. Petersen-aee! Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mnyoo hana guu, Profesa, Sepetu akasema.

— Ndiyo hivyo! Hakusikia!

— Mbuzi gani? alidakia Kapteni. Huyu mama bado anakumbuka siku ulipomvunjia chupa zake. Kisasi hicho, kakipika taratibu.

— Afadhali kisasi, Profesa akashusha sauti. Jina likishaandikwa Kilatini, wewe mali ya makumbusho. Siku ukifa wanakuja na pipa la spiriti wakutie humo usioze. Waliotiwa humo niliwaona Kiel kwa macho yangu.

Sepetu akajishika shingo.

— Basi naenda kumpasha!

Bi Renske, mwalimu aliyehamia wiki ile, alikuwa dirishani akinunua samaki.

— Samahani wazee wangu. Hiyo “ae” ni ya jina la mwanamke. Angekuwa mwanamume, ingekuwa “i”.

— Unaona! Kapteni akapiga paja. Kakuvalisha gauni!

— Nauliza tu, Bi Renske akasema. Tope likishachimbwa, nani alikuwa analichekecha?

Profesa akamtazama Kapteni. Kapteni akatazama kikombe chake.

Sepetu akamkumbuka Keike, mkewe, Januari moja ameinamia chekecheo, vidole vyekundu kwa baridi, akimwita: “Ingwer, huyu sijapata kumwona.” Naye akamjibu: “Mnyoo ni mnyoo, mke wangu. Leta supu.”

Meli ikapiga honi ya kwanza. Sepetu akainuka na kushika njia ya juu, ya nyumbani, mbio, kwa miguu ambayo haikuwa imekimbia tangu harusi yake.

— We Sepetu! Kapteni alipaza sauti. Meli iko huku!

— Najua! Namfuata Keike. Mwenye mnyoo wake hajaaga!