Kisu cha Mpimaji

Kijiwe chetu kiko Chikongola, ubavuni mwa duka la Murtaza: benchi la mninga lenye mguu mmoja uliofungwa waya, na pembeni yake meza yangu ya kutengeneza simu. Kahawa ni ya Mustafa. Anafika baada ya alasiri na birika lake, na likiisha anaondoka, hata kama hoja iko katikati. Ana sharti moja tu. Ukinyoosha mkono wa kushoto kupokea kikombe, anakishikilia na kukutazama mpaka ubadilishe, uwe na simu mkononi au mtoto. Wakaaji ni walewale. Rashidi tunamwita Kinyago, kwa kuwa anachonga mpingo na kwa kuwa anaweza kukaa muda mrefu bila kupepesa. Murtaza ni Bei Moja, ingawa hajawahi kuuza kitu kwa bei moja. Hashimu ni Kampuni. Alilinda geti la kampuni ya gesi msimu mmoja na mpaka leo anaongea kama mbia. Mimi ni Chaji. Ile nafasi ya mwisho ya benchi, ambayo hatuikalii hata tukibanana, ni ya Fadhili Mpimaji.

Mpimaji kwa sababu ndiyo kazi yake. Msimu wa korosho anakaa kwenye ghala la ushirika, anachota konzi kutoka kwenye magunia, anapasua, anatazama punje, anasema hii daraja gani. Mnunuzi mmoja mgeni alimtazama akifanya kazi hiyo kutwa nzima, na siku ya kuondoka akamwachia kisu chake cha kukunja. Kisu cha maana, si hivi vya kuning'inizwa dukani kwa Murtaza. Mgeni alisema huko kwao kuna watu maisha yao ni visu hivyo: wanabadilisha mpini, wanabadilisha skrubu, wanapaka rangi, kisha wanakutana kuonyeshana. Sisi tulicheka. Lakini Fadhili alipokisukuma kwa dole gumba kinundu kidogo kilichoko ubavuni mwa ubapa, ubapa ukatoka wenyewe, tak, kila mtu alitaka ajaribu. Baadaye mlio ule ukawa kengele yetu. Ukisikia tak, ujue Fadhili ameshika chungwa na kila mmoja atapata kipande.

Kabla ya Ramadhani alikuwa anatumenyea chungwa, kisu kikamponyoka. Alikitazama pale chini kana kwamba mtu mwingine ndiye amekiangusha. Kisha mdomo ukaenda upande. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, na kisu kikabaki chini ya benchi, ncha imevunjika kwenye sementi.

Alitoka hospitali akiwa hai, alhamdulillahi, ila mkono wa kulia ulikuwa umelala. Tulikwenda kumjulia hali. Alikaa mkekani, ule mkono ameufunika kwa shuka, anatusikiliza tu. Chai aliyowekewa ilipoa mbele yake hakuigusa. Njiani tukaambiana kuwa hamu ya kula haijarudi. Toka hapo miezi inakwenda, anaweza kutembea mpaka sokoni, lakini kijiweni hakanyagi. Mimi iliniuma. Nilikuwa nikiitazama ile nafasi yake nakosa hata la kubishia.

Rashidi ndiye aliyesema tumtengenezee kisu. Tukimpelekea kizuri kuliko kilivyokuwa, atakuja mwenyewe kukionyesha. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na uliendelea mwezi mzima.

— Kwanza mpini huu ni chuma, alisema Rashidi. Chuma ni baridi. Mgonjwa wa mkono humshikishi kitu cha baridi. Mpingo una joto lake.

— Huyo anatafuta kazi, alisema Murtaza.

— Mkishika kinyago changu asubuhi mtajua.

Hashimu akasema mpini si chuma, ni madini ya kuundia ndege, ameyaona kwenye kampuni yetu. Na ubapa nao si chuma cha kawaida, ni unga.

— Unga wa nini, njomba?

— Unga wa chuma. Wanausaga, wanaukanda, wanauoka. Mkiupeleka kwenye mashine ya kunolea ukapata moto, utarudi kuwa unga.

Tulimcheka, lakini siku ya kuitengeneza ile ncha hakuna aliyethubutu kuipeleka kwenye mashine. Rashidi aliisugua kwenye jiwe kwa mkono, taratibu, anachovya kwenye ndoo ya maji, anasugua tena. Hashimu alikaa kando akiyachungulia yale maji, anatafuta unga.

Kazi yangu ilikuwa kufungua. Skrubu zake ni za kichwa cha nyota, kama za simu, na bisibisi ninayo. Niliona kwenye mtandao kuwa madini yale ya ndege ukiyatia kwenye maji ya magadi ukayagusisha betri yanageuka rangi. Skrubu nazo zilikuwa za madini hayohayo, nikajaribu na moja. Ikawa ya dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu. Murtaza, aliyekuwa anaudharau mpango mzima, akaenda ndani kuleta betri nyingine. Akaamua zote ziwe buluu, maana buluu inavuta damu kwenye mishipa. Tukamuuliza nani kamwambia. Akasema ni jambo linalojulikana.

Mpini mpya ulipotoka mikononi mwa Rashidi, tuliupokezana mmoja mmoja. Mpingo mweusi, laini, na upande mmoja amechonga kibonde kidogo, mahali hasa dole gumba la Fadhili lilipokuwa linalala. Hakupima popote. Alikuwa amemtazama Fadhili akimenya machungwa miaka yote ile. Upande wa pili wa kisu kulikuwa na matundu madogo matupu, moja kwenye ubapa na mawili kwenye chuma kilichobaki cha mpini wa zamani, ambayo hatukujua kazi yake. Murtaza alisema yanafanana na ya dumuzi kwenye mahindi. Rashidi akayaziba kwa unga wa mpingo na gundi, akasugua mpaka yakapotea.

Jana kilikuwa tayari. Mustafa alikuwa ameshamimina mzunguko wa kwanza. Nilikishika, nikasukuma kinundu. Tak.

— Umesikia? alisema Hashimu. Hiyo ndiyo dawa.

— Dawa gani tena?

— Mkono una kumbukumbu. Wake umelala kwa sababu haujasikia kitu unachokijua. Hospitali wanampa mpira aubinye. Mkono wa Fadhili unajua nini kuhusu mpira? Mpelekee hiki, aweke dole hapo, asikie tak. Utaamka.

Kwa kawaida Hashimu akifika huko tunamrushia vijiti. Jana hakuna aliyemrushia. Murtaza alisema babu yake alipoteza sauti na aliporudishiwa tasbihi yake akaanza kuongea. Rashidi akasema mpingo una dawa ndani, wazee walikuwa wanachemsha mizizi. Mimi, ninayejua kuwa simu iliyoungua haifufuki kwa kupigiwa, nilijikuta natikisa kichwa kukubali. Ukweli ni kwamba sote tulikuwa tukiliamini hilo tangu siku ya kwanza, Hashimu kalitamka tu.

Ndipo tukamwona Saida, mke wa Fadhili, amesimama mbele ya duka. Hajawahi kuja pale. Tukasimama wote, salamu zikapishana, Murtaza akataka kuleta kiti, akakataa.

Alisema amesikia kisu cha mumewe kiko kwetu. Rashidi akakifuta kwenye shati akampa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukigusa kiwiko, kama anavyompa mtu mzima. Tukaanza kumweleza sote kwa pamoja: mpingo, buluu, ncha, kibonde, na mwisho Hashimu akamweleza habari ya mkono kuamka. Saida alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka dole gumba lake kwenye kibonde, likapotea mle ndani.

— Ni dole lake hasa, alisema. Mmempenda.

Kisha akauliza, bila ukali wowote:

— Na usipoamka, shemeji?

Hashimu alifungua mdomo. Akamtazama Murtaza, Murtaza akamtazama Rashidi, na Rashidi hakupepesa.

Saida akakihamishia kisu mkono wa kushoto. Akatafuta kinundu, kiko upande wa pili. Akajaribu kukisukuma kwa kidole cha shahada, kikateleza. Hapo ndipo mimi, fundi mzima, nilipoyakumbuka yale matundu. Waliotengeneza kisu walikuwa wameacha nafasi ya kukihamishia kinundu upande wa pili, kwa mtu wa mkono wa kushoto. Watu wasiomjua Fadhili hata kwa jina walimfikiria. Sisi marafiki zake tukaziba.

— Siku ile mlipokuja, akasema Saida, chai hakuinywa kwa sababu mlikuwepo. Nyumbani anajifunza. Anaandika kwa kushoto, anafunga vifungo, korosho anapasua kwa panga dogo. Kula pia, afanyeje. Lakini mbele za watu hataki. Namwambia nenda kijiweni kwa wenzio, ananiuliza kitu kimoja tu. Nikaona nije nikiulize mimi.

Alikuwa hatutazami tena. Alikuwa anamtazama Mustafa, ambaye muda wote huo alikuwa amechuchumaa na birika lake kana kwamba hayamhusu.

— Akinyoosha wa kushoto, mtampa?

 Mustafa aliinamia makaa ya birika, akayapuliza, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri. Najua si mtu mbaya. Ni kwamba mkono wake ulifundishwa tangu mdogo, kama wetu.

Niliomba kisu. Saida akanipa, nikakaa mezani nikaanza kufungua ile skrubu ya kinundu, na Rashidi akaja na msumari mwembamba kuzibua tundu. Gundi yake ilikuwa nzuri, haikutoka kirahisi. Hakuna aliyebisha chochote. Mustafa akaanza mzunguko wa mwisho, akanifikia mimi. Mkono wa kulia ulikuwa na bisibisi. Nikanyoosha wa kushoto.

Akakishikilia kikombe, akanitazama. Nami sikubadilisha. Nilisikia aibu kweli, masikio yakapata moto, na ilikuwa kahawa tu, mbele ya watu wanaonijua. Nikamwona akilini Fadhili mkekani na shuka lake.

Akanipa. Nusu nilijimwagia suruali.

Murtaza naye akanyoosha wa kushoto, akapata. Hashimu akapata robo. Alipofika kwa Rashidi, Mustafa akainamisha birika, halikutoa kitu. Rashidi akataka kuushusha mkono.

— Uache hapo hapo, alisema Mustafa, akamwekea kikombe kitupu kiganjani, akakichukua, akamwekea tena. — Na mimi nizoee, alisema.