Vyumba Viwili vya Uani

WIFI: Haloo, karibu sana! Hapa ni nyumba ya wageni, naongea na nani?

MAMA PACHA: Habari za mchana. Naulizia vyumba.

WIFI: Nzuri kabisa, mpenzi. Vyumba vipo, visafi, feni zinafanya kazi, maji hayakatiki, na ufukweni ni hatua chache tu. Mko wangapi?

MAMA PACHA: Watatu. Mtu mzima mmoja na watoto wawili.

WIFI: Aa, familia! Sisi tunapenda sana familia. Mtakaa siku ngapi?

MAMA PACHA: Mwaka.

WIFI: Samahani, mtandao unakwaruza. Umesema wiki?

MAMA PACHA: Nimesema mwaka. Miezi kumi na miwili. Vile vyumba viwili vya uani.

WIFI: Nani wewe?

MAMA PACHA: Umeshanijua, wifi.

WIFI: Mama Pacha.

MAMA PACHA: Ndiye mimi. Mbona asali imekauka ghafla?

WIFI: Hii namba ni ya nani?

MAMA PACHA: Ya mpaka rangi. Yangu huipokei. Nimekupigia mara tisa tangu juzi.

WIFI: Siku hizi ndiyo unatembea na simu za wanaume?

MAMA PACHA: Huyo mwanaume yuko sebuleni kwangu, anapaka ukuta mweupe. Kitanda cha wanangu kimesogezwa katikati ya chumba, kimefunikwa nailoni kama maiti. Mwenye nyumba anataka kupangisha kwa usiku, kama nyie wote. Ametupa mpaka Jumamosi.

WIFI: Pole. Sasa mimi—

MAMA PACHA: Sijakupigia unipe pole. Nataka kupanga.

WIFI: Vyumba vya uani ni vibovu. Dari inavuja.

MAMA PACHA: Nitaweka beseni.

WIFI: Mlango haufungiki.

MAMA PACHA: Nitaufunga kwa kamba. Wifi, nimeona nyumba kumi na moja kwa siku tano, usinitajie dari. Nimeoneshwa stoo ya saruji nikaambiwa ni chumba na sebule. Nimeoneshwa nyumba nzuri, mwenyewe akauliza, watoto wanalia? Nikamwambia wana miaka saba, wanalia wakianguka. Akafunga geti. Mwingine anakupa mkataba wa miezi mitano, msimu ukianza anakutoa, ukiisha urudi umpigie magoti tena. Na anayekubali mwaka anataka kodi ya mwaka mzima mkononi, siku hiyohiyo.

WIFI: Ndiyo bei ya kisiwa. Ukishindwa, si urudi bara?

MAMA PACHA: Nirudi kwa nani? Wanangu wanasoma hapa. Wateja wangu wako hapa. Hata shuka unazolazia hao wageni wako nimeshona mimi, na mbili za mwisho—

WIFI: Usianze!

MAMA PACHA: —sikukudai. Sianzi. Nakukumbusha tu mtu unayeongea naye.

WIFI: Mimi nimejenga jina la hii nyumba kwa mikono yangu. Siwezi kuweka cherehani inayokwaruza alfajiri na watoto wanaokimbizana uani wakati watu wamelipa kuja kupumzika.

MAMA PACHA: Nyumba ya baba yenu hiyo. Hujaijenga, umeipaka rangi.

WIFI: Ya baba *yetu*. Si ya baba yako. Una mumeo, mwambie akutafutie pa kukaa.

MAMA PACHA: Yuko bara, juu ya ghorofa ya watu, anatafuta hiyohiyo kodi ya mwaka. Unajua vizuri.

WIFI: Mimi nitajuaje? Tangu tumzike mama sijasikia hata sauti yake. Mlinikata wote wawili kama kucha.

MAMA PACHA: Hukukatwa. Ulikuja makaburini na kuondoka na gari lilelile. Mama alilala miezi minne ndani kwangu, namgeuza, namnawisha, wewe ulikuwa na wageni.

WIFI: Usimtaje mama yangu kwa simu ya mpaka rangi!

MAMA PACHA: Basi ongea kodi. Nitalipa kila mwezi, tarehe moja, sichelewi. Miezi yote ya mvua ambayo wewe unawafungulia vyumba mende, mimi nitakuwa nalipa. Piga hesabu yako.

WIFI: Sihitaji hesabu zako. Hapana ni hapana.

MAMA PACHA: Kwa nini?

WIFI: Kwa sababu ni kwangu. Hivi wewe una jeuri gani? Unachagua vyumba vya watu wakati una pa kwenda. Ungechukua ile yenye kisima cha chumvi. Si walikupunguzia? Watoto hawafi kwa kuoga maji ya chumvi.

[mtandao unakwaruza]

WIFI: Haloo? Umenikatia?

MAMA PACHA: Nipo.

WIFI: Nasema—

MAMA PACHA: Nimekusikia. Nani amekuambia habari ya kisima?

WIFI: Kisima kipi?

MAMA PACHA: Usinichezee akili. Nyumba ya kisima nimeiona jana jioni, nikiwa peke yangu na dalali. Nimefika nyumbani nikamwambia mtu mmoja tu duniani. Nimemtumia mume wangu ujumbe wa sauti.

WIFI: Kisiwa kidogo hiki, maneno—

MAMA PACHA: Dalali hajui kama nilipunguziwa. Mwenye nyumba alinipigia baadaye. Nimemwambia mume wangu tu.

WIFI: Basi atakuwa ameniambia yeye. Alinipigia.

MAMA PACHA: Sasa hivi umesema hujasikia sauti yake tangu mama azikwe.

WIFI: Sasa unanihoji? Mimi na wewe nani polisi?

MAMA PACHA: Yuko hapo.

WIFI: Nani?

MAMA PACHA: Wifi.

WIFI: Nina wageni mlangoni, nakata si—

MAMA PACHA: Kata uone. Kutoka hapa mpaka kwako ni nusu saa kwa miguu. Nitasimama getini na pacha wangu mkono huu na huu, tupige kelele mpaka wageni wako wabebe mabegi.

WIFI: Mshenzi wewe.

MAMA PACHA: Yuko hapo. Ndiyo maana vyumba vya uani vinavuja. Mpe simu.

WIFI: Amelala.

MAMA PACHA: Saa nane mchana? Amelala na nani?

WIFI: Acha mdomo mchafu!

MAMA PACHA: Nimekuuliza amelala na nani! Miezi mingapi nashona mpaka vidole vinaota sugu, nawaambia watoto baba yuko kazini, kumbe umemfichia mwanamke uani! Na chai unawapelekea!

WIFI: Mwanamke gani? Mwanamke gani, Mama Pacha? Mtu hawezi hata kwenda msalani peke yake!

MAMA PACHA: Umesemaje?

WIFI: Basi. Umenilazimisha. Roho yako imetulia?

MAMA PACHA: Umesema nini, wifi?

WIFI: Alianguka. Jukwaa lilikatika, yeye na ndoo ya zege. Nyonga na mguu wa kushoto. Wamemtia vyuma. Wenzake walimleta na boti, wakamshusha hapa kwangu kama gunia, wakawahi boti ya kurudi.

MAMA PACHA: Lini?

WIFI: Mwezi wa pili huu unaisha.

MAMA PACHA: Muongo. Kila Jumapili anaongea na wanangu. Anawaambia yuko ghorofa ya saba, anaziona meli. Wanamuuliza meli rangi gani, anawatajia!

WIFI: Anatazama dari. Ndiyo hiyo meli yake.

MAMA PACHA: Miezi miwili... Na mimi niko nusu saa kwa miguu.

WIFI: Aliniapisha. Alisema nikikuambia atajiburuza mpaka barabarani.

MAMA PACHA: Kwa nini?

WIFI: Unaniuliza mimi? Jiulize mwenyewe ulimwambia nini siku anaondoka.

MAMA PACHA: Wifi...

WIFI: Sema. Mbona mdomo umeingia maji? Ulimwambia asirudi bila kodi ya mwaka. Hayo maneno amenirudia hapa, ana homa, hajui hata anaongea na nani. Wewe ndiye uliyemsukuma akapande majengo ya watu, mtu wa kupaka chokaa, hajawahi kuvuka ghorofa moja!

MAMA PACHA: Nilisema kwa hasira.

WIFI: Yeye alisikia kwa masikio.

MAMA PACHA: Tulikuwa tumefukuzwa nyumba ya tatu! Ulitaka nimwambie nini? Nenda, mume wangu, katembee? Na wewe vyumba vyako vitupu mvua nzima, hukutuita hata siku moja!

WIFI: Mlikuwa hamuongei na mimi!

MAMA PACHA: Wewe ndiye ulikuwa huongei na sisi!

WIFI: Haya, ndiyo hivyo. Na huku ni mimi dada mtu ninayemnawisha. Nimegeuza chumba kuwa wodi. Nabeba ndoo kwa mlango wa nyuma ili wageni wasione. Mgongo wangu huu. Nimemwambia mgeni mmoja anayesikia sauti kwamba ni redio.

MAMA PACHA: Kazi yangu hiyo.

WIFI: Nini?

MAMA PACHA: Kumnawisha. Hiyo ni kazi yangu, umeniibia. Usinililie mgongo.

WIFI: Mungu wangu, huyu mwanamke hana hata asante!

MAMA PACHA: Sina. Ulipoona wanamshusha kwenye boti ulitakiwa upige simu moja. Moja tu. Ungenitukana kwanza halafu ungeniambia.

WIFI: Ningekutukana mpaka salio liishe.

MAMA PACHA: Na leo litaisha, ni la mpaka rangi. Nisikilize. Nakuja leo.

WIFI: Leo haiwezekani.

MAMA PACHA: Saa kumi na moja. Kuna kigari cha mchanga kinapita hapa, kitatubebea vitanda na cherehani.

WIFI: Nimekuambia hapana! Wageni wanaingia Ijumaa, watu sita!

MAMA PACHA: Wanalala mbele. Mimi nakaa uani, viwili vilevile nilivyoomba. Na uandike mkataba.

WIFI: Mkataba? Unakuja kwa mgonjwa wako na mkataba?

MAMA PACHA: Nakuja kama mpangaji. Sitaki siku mmoja wenu aamke vibaya aniambie nibebe virago. Miaka miwili, kwa maandishi, na sahihi yako.

WIFI: Mmoja.

MAMA PACHA: Miwili. Nimechoka kukunja mapazia.

WIFI: Mmoja na nusu, na cherehani haiwaki kabla ya saa mbili asubuhi.

MAMA PACHA: Saa moja na nusu.

WIFI: Na watoto hawapiti mbele. Wanatumia geti la nyuma.

MAMA PACHA: Wanangu si ndoo ya mgonjwa. Watapita getini kama watu, shikamoo watatoa.

WIFI: Tutaona. Na kodi ya vyumba viwili utalipa—

MAMA PACHA: Ya kimoja. Kile chenye mume wangu silipi.

WIFI: Kitanda ni changu! Godoro ni langu!

MAMA PACHA: Litoe. Nakuja na langu.

WIFI: Godoro lako lile limebonyea kama karai? Vyuma vitamchoma! Liache hilo hilo lililopo, mjinga wewe.

MAMA PACHA: Basi liache.

[mtandao unakwaruza]

WIFI: Haloo?

MAMA PACHA: Nipo. Huyu mpaka rangi ananionesha vidole viwili, nadhani ni dakika.

WIFI: Sasa nimwambie nini? Akikuona ghafla atashtuka.

MAMA PACHA: Na mimi nimeshtuka, nani amenishika? Usimwambie kitu.

WIFI: Unakuja kumgombeza?

MAMA PACHA: Ndiyo.

WIFI: Mama Pacha, mtu amekonda. Mkono wake umebaki kama fimbo ya fagio. Ukimfokea mbele yangu nakutoa na huo mkataba wako.

MAMA PACHA: Nitamgombeza watoto wakilala. Sasa hivi nataka umnyoe.

WIFI: Nifanye nini?

MAMA PACHA: Ndevu. Najua ameziacha. Akiumwa haziguswi. Mnyoe, mvalishe shati lenye kola. Wanangu wamezoea baba anayeona meli, wasimkute kama mzimu.

WIFI: Mimi si kinyozi wa mumeo.

MAMA PACHA: Ni kaka yako.

WIFI: Sina hata sabuni ya kunyolea, nina chumba cha mbele sijatandika, nina—

MAMA PACHA: Wifi, salio. Saa kumi na moja.

WIFI: Ukichelewa nafunga geti!

MAMA PACHA: Funga, nitaruka.

WIFI: Na huyo wa kigari asiegeshe mbele, mchanga utamwagika kwenye— [kwa mbali, akiwa ameiachia simu mezani] Wewe! Amka. Wembe wako umeuweka wapi? ... Usiniulize kwa nini. Inua kidevu.

[simu inakatika]