Ishara ya Wamboi Imevuja Tena

Nje ya geti ya kiwanda cha juisi, hapa Thika, kuna benchi ambalo mwenyewe ni Nekesa, muuza kahawa, lakini ukipita hapo saa ya kutoka shifti utadhani ni la Ngigi na Mzee Wamalwa. Ngigi ni wa bodaboda, na jina lake la kijiwe ni Satelaiti, kwa sababu hakuna habari kati ya Thika na Githurai isiyopitia kwake. Wamalwa ni fundi wa boila, anaitwa Jaji, maana kila ubishi huufunga kwa methali, na methali yenyewe huwa imepotea njia. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Calvince, kijana wa kupakia makatoni, na Calvince hakuwa na raha hata kidogo.

Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ruracio yake, siku ya kupeleka mahari kwa kina Wamboi kule Ruiru. Wakikuyu wana mchezo wao siku hiyo: wasichana hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakapangwa mstari, na bwana harusi akaambiwa achague wake. Akikosea, faini ni mbuzi. Mbuzi hakumsumbua Calvince. Kilichomsumbua ni Wamboi, aliyemwambia kwa simu bila mzaha, "Calvi, ukinipita ushike mwingine mbele ya shosho, nyanya yangu mwenyewe, nitalia hapo hapo ndani ya leso." Basi wakapatana ishara: atatikisa mguu wa kushoto. Lakini wiki ya ruracio simu ya bibi harusi ni ya nyumba nzima. Shangazi anaipokea, dada mdogo anaisoma. Kufikia jioni mabinamu wote walikuwa uani wakifanya mazoezi ya kutikisa mguu wa kushoto. Wakabadilisha, ikawa kukohoa. Nyumba nzima ikashikwa na kikohozi.

Aliyeleta habari za fizikia ni Becky, dadake Nekesa, anayesoma chuo na kukaa mtaa wa Kahawa Sukari. Aliwaeleza polepole kwamba siku hizi kuna watu wanalinda siri kwa chembe za mwanga, fizikia inayoitwa ya kwanta. Hawatumi ujumbe kwanza, wanatuma ufunguo wa kuufungia, chembe moja moja. Mtu akichungulia chembe njiani, anaivuruga. Mtumaji na mpokeaji wakilinganisha chache, zikikataa kuoana, wanajua kuna sikio katikati. Wanatupa ufunguo huo na kuanza upya.

— Kwa hivyo hiyo maneno inazuia umbea? aliuliza Calvince.

— Haizuii mtu kuchungulia, alisema Becky. Inakuambia tu umechunguliwa.

— Haba na haba hujaza kibaba, alihukumu Wamalwa. Mwanga ukienda moja moja, kufikia Jumamosi leso zote zitakuwa zinawaka.

Ngigi akadakia hapo. Wamboi ashike kitochi ndani ya leso. Akakumbushwa kwamba mabinamu pia wana simu, na simu zina tochi. Basi tuazime mbwa wa maaskari wa geti, akasema, anuse sweta ya Wamboi. Becky akamuuliza mbwa ataingia ruracio kama nani. Ngigi akasema ataingia kama mjomba wa bwana harusi. Alipoona wamecheka, akapanda juu zaidi.

— Si nasikia kwa hiyo kwanta kitu kinaweza kuwa kwingi mara moja? Basi Wamboi atakuwa ndani ya leso zote mpaka Calvi aangalie. Hapo atakosea aje?

— Na awaoe wote? aliuliza Nekesa, bila kuinua macho kwa thermos yake.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wamalwa. Apite akigusa leso moja moja. Itakayomuuma, ndiyo hiyo.

Calvince hakucheka. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga. Mwishowe mpango ukapita: simu ipelekewe ishara za uongo, na ile ya kweli Ngigi aipeleke mwenyewe kwa pikipiki. Ishara yenyewe, Wamboi aweke mkono kichwani.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mwenye sweta ya kijani, aliyenunua kahawa na kunywa kimya. Walikuwa wamesogea tu ili apate nafasi. Sasa akageuka.

— Samahani, kijana. Ingekuwa ni wewe umefunikwa, huyo msichana angehitaji ishara?

Jaji alitafuta methali akaikosa. Calvince jibu alikuwa nalo, na lilimchoma. Siku moja ya mvua, sokoni Githurai, alisimama na wenzake wa kiwandani, wote na makoti yale yale ya mvua, kofia hadi puani, wamempa Wamboi mgongo. Alikuja moja kwa moja akamshika mkono. Hajawahi kumuuliza alimjuaje.

Mama akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

— Huyo ni nani? aliuliza Ngigi.

— Ni tata wa Wamboi, shangazi yake, alisema Nekesa. Anafanya kazi pale kiwanda cha nguo. Hunywa kahawa hapa kila siku.

— Na hukusema?

— Mteja ni mteja. Na hamkuniuliza.

Becky alicheka hadi akashika mbavu.

— Sasa mmejua mmechunguliwa. Tupeni hiyo, muanze upya.

Nekesa akainamisha thermos. Yakatoka matone mawili. Calvince hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa anamwona Wamboi stejini, akingoja gari. Hajui kusimama wima. Alibeba maziwa ya kupeleka dairi tangu utotoni, na mpaka leo bega lake la kushoto hushuka akisahau, hata kanisani. Hakuna leso ya kuficha hilo, na Wamboi mwenyewe hajui. Furaha ikampanda mpaka akashindwa kuificha.

— Umekumbuka nini? aliuliza Ngigi, ameshamsogezea sikio.

Calvince akamaliza kahawa iliyobaki kikombeni.

— Hakuna, alisema.