Tikiti Maji la Agosti

"Milano mji gani huu!" Marijke, mtalii wa Kiholanzi, alimlalamikia Bi Ornella, mama aliyeketi naye kwenye tramu, mbele yangu. "Maduka yamefungwa, mikahawa imefungwa, hata kinyozi kafunga!"

"Nani alikutuma uje Agosti, mwanangu?" Bi Ornella alicheka, sanduku la safari miguuni. "Ni mwezi wa likizo, sisi sote huenda baharini. Hata mimi nashuka stesheni."

"Si wote! Jana waliobaki waliniita uani kwao. Wakanilisha tikiti maji mpaka likanichuruzika kidevuni, babu mmoja akanichezesha dansi hadi kiatu kikanivuka. Sijacheka vile tangu nifike!"

Mimi, nibakiaye kila mwaka, nilijifanya natazama nje. Raha yetu haihitaji matangazo.

Tramu ikasimama stesheni. Bi Ornella hakuinuka.

"Huo ua," akauliza, "uko mtaa gani?"