Meya Aliyeanzia Ukonda

Basi lilikuwa likiteremka kutoka Lushoto redio ilipomtaja Sheshe, aliyewahi kuwa konda, kuwa meya mpya wa mji mmoja wa kule bondeni. Mwalimu kijana alimgeukia Hashimu, mkulima wa kabichi aliyeketi kando yake.

"Shikamoo mzee. Konda ataongozaje mji?"

"Marahaba, mwanangu. Ukonda wenyewe aliufanya katika njia hii hii." Hashimu alitabasamu. "Mwaka ule mlima uliporomoka ukafunga barabara, mke wangu akashikwa na uchungu ndani ya basi. Sheshe alivua viatu, akakunjua turubai, tukambeba, yeye mbele mimi nyuma, tukavuka tope mpaka tukapata gari la hospitali. Baadaye ndipo akasoma, akapata udiwani."

"Huo ni wema, mzee. Mji unataka mipango."

"Sawa, apange. Nami namwombea."

Basi likasimama Soni. Mwalimu akashuka, bado anatikisa kichwa. "Wema haujengi mitaro, mzee!"

Hashimu akachungulia dirishani. "Binti aliyezaliwa siku ile sasa anasoma shule ya wasichana Kifungilo, mwalimu. Kila nikimwona namshukuru Mungu, halafu namshukuru konda."